Vijiti vya Shangazi

Fuksia si ua la Kimuka. Ni ua la milima yenye ukungu, na sisi tuko nyuma ya Milima ya Ngong, upande ambao mvua hufika ikiwa imechoka. Upepo unaozungusha mitambo ya umeme kule juu ndio huo huo unaokausha majani yangu. Bado nazipanda.

Jina limetokana na Leonhart Fuchs, daktari Mjerumani aliyefariki 1566 bila kuliona ua lenyewe. Mfaransa Charles Plumier ndiye aliyelipa jina hilo kwenye kitabu chake cha 1703, baada ya kulikuta visiwa vya Karibea. Kwao huko Amerika hutembelewa na ndege wavumaji. Hapa kwetu, chozi ndiye amejifunza njia.

Yangu ilitoka Limuru, kwa shangazi. Ni aina fupi, haifiki goti, na maua yake yananing'inia kama vipuli. Niliacha chuo mwaka wa tatu, na kwa ukoo mzima shangazi pekee ndiye hakuuliza nitarudi lini. Aliuliza naandika nini. Alipofariki, shamba liliuzwa. Baba akarudi na matatu, amepakata mmea mmoja kwenye mkebe wa rangi.

Mmea mmoja, jua la Januari, maji ya kununua. Hapo hakuna mpango. Ikabidi nijue kuzalisha.

Kata ncha changa isiyo na ua, urefu wa kidole, chini kidogo ya kifundo. Toa majani ya chini, acha mawili au manne. Chomeka kwenye mchanga na mboji, nyunyiza maji, funika na chupa ya plastiki iliyokatwa kitako, weka kivulini. Baada ya wiki tatu au nne, vuta polepole: kijiti kikikataa, kimeshika mizizi. Kikikua kidogo, finya ncha kitoe matawi.

Na kijiti si mtoto wa mmea. Mtoto ni mbegu. Kijiti ni mmea ule ule, umeendelea kuishi mahali pengine.

Februari, ule wa kwenye mkebe ulikauka. Baba hakusema kitu siku nzima. Jioni akaniuliza, "Vimeshika vingapi?"

"Vitano."

Akachukua kimoja, akaenda nacho chumbani kwake.