Amana ya Paka Siku za Idi

Bismillahir Rahmanir Rahim. Sifa zote njema ni za Mwenyezi Mungu, Mola wa viumbe vyote, wenye kusema na wasioweza kusema. Rehema na amani zimshukie Mtume wetu Muhammad (S.A.W.), na aali zake na sahaba zake.

Ndugu zangu Waislamu, na hasa nyinyi akina mama ambao ndio wenye kuziendesha nyumba, Idi inakaribia. Kila nyumba sasa ina shughuli zake: nguo zi kwa fundi, mazulia yanatolewa kupigwa vumbi, na wenye jamaa Lamu, Malindi au Vanga wameanza kuulizia nafasi za basi. Katika pirika hizi nimeona niwaeleze jambo lililotokea nyumbani kwangu mimi mwenyewe. Najua dini imetufunza kujisitiri, wala si adabu mtu kuanika makosa yake barazani. Lakini kosa hili lina funzo kwa wengine, na binti yangu ameniambia, "Baba, ukiliandika huenda likaokoa kiumbe." Nimemtii.

Yapata miaka 18 iliyopita tulikuwa na paka jike mweusi ambaye watoto walimwita Kaniki. Hatukumnunua wala hatukumwomba kwa mtu. Aliingia ukumbini siku ya mvua, akalala juu ya mkeka, na tangu siku hiyo akawa wetu. Usiku akizuia panya ghalani, na alfajiri nikitia udhu alikuwa akikaa karibu na birika akinitazama.

Idi ile tulikwenda Lamu kwa mama yangu mzazi. Nia yetu ilikuwa kulala siku mbili tu. Nilihofu Kaniki akibaki nje atapotea, basi nikamtia ndani, nikamwekea sahani ya wali na samaki na bakuli la maji, nikafunga mlango na kutia ufunguo mfukoni. Tukapanda basi, tukapita Malindi, Garsen na Witu hadi Mokowe, tukavuka kwa mashua. Siku ya pili mama akasema tusiondoke, kuna harusi ya jamaa. Nikaona vigumu kumkatalia. Siku mbili zikawa sita. Nasema kweli mbele ya Mwenyezi Mungu: katika siku zile sita nilimkumbuka Kaniki mara moja tu, usiku wa nne, nikajiambia, "Paka hafi njaa, atakamata panya." Kisha nikalala.

Tuliporudi, mlango ulikuwa mzito kufunguka. Alikuwa nyuma yake. Jirani alitueleza kwamba alisikia paka akilia siku tatu, akadhani ni wale wa mtaani wanaopigana, kisha kilio kikakatika.

Binti yangu alikuwa na miaka tisa. Wiki chache kabla ya safari alihudhuria darsa yangu, nikawasomesha watoto hadithi mashuhuri iliyopokewa na Ibn Umar (R.A.), iliyomo katika Bukhari na Muslim, inayomhusu mwanamke aliyeingia Motoni kwa sababu ya paka. Akaniuliza, "Baba, si hii ndiyo ile hadithi?"

Nikamjibu kwamba ni kadari ya Mwenyezi Mungu. Hakusema kitu. Lakini mimi nilijua kwamba nimeliita kadari jambo lililokuwa uzembe wangu, na kwamba mtoto amejua vilevile. Tangu siku hiyo, kila nilipofika kwenye hadithi ile nikisomesha, niliipita upesi. Mwalimu anayeruka somo kwa sababu somo lenyewe linamhukumu, huo ni msiba mwingine.

Hebu tuizingatie hadithi hiyo sasa. Mtume (S.A.W.) hakutaja kwamba mwanamke yule alimpiga paka, wala alimchoma moto, wala alimchukia. Alichokitaja ni kwamba alimfungia. Hakumpa chakula, wala hakumwachia aende akajitafutie wadudu wa ardhini. Paka aliye huru riziki yake imetawanywa ardhini, naye huihangaikia mwenyewe. Siku unapomfungia mlango, riziki yake umeitia mkononi mwako. Kuanzia hapo hakuna "atajua mwenyewe". Na ndivyo vinavyosema vitabu vya madhehebu yetu ya Shafi: mwenye kumweka mnyama ni wajibu wake kumlisha na kumnywesha, na asipoweza amwachie, au ampe mwenye kuweza. Wajibu huo hauna likizo wala sikukuu.

Mwaka jana, katika mwezi wa Ramadhani, binti yangu alinijia baada ya futari. Sasa ni mtu mzima, anasomesha. Akaniambia kwamba kuna mama mmoja upande wa kaskazini mwa Mombasa amefanya nyumba yake kuwa makao ya paka waliotupwa. Wengine wamegongwa na pikipiki, wengine wamekutwa kwenye majaa wakiwa hawajafumbua macho. Mama huyo anatafuta watu wa kuwachukua na kuwalea. "Baba, nataka tumchukue mmoja." Nikasema nyumba imejaa, paka huleta manyoya, mimi ni mtu wa kuswali. Binti yangu akacheka. Alijua fika kwamba nimewasomesha kisa cha Abu Qatada (R.A.), aliyeletewa maji ya udhu na mke wa mwanawe, paka akaja, naye akamwinamishia chombo anywe, yule mama alipostaajabu, akamweleza kwamba Mtume (S.A.W.) amesema paka si najisi, bali ni katika wanaotuzungukazunguka majumbani mwetu. Sikuwa na hoja. Nilikuwa na aibu tu.

Tukaenda. Nilidhani tutapewa paka na kuondoka, kumbe kuna mahojiano! Mama yule alituuliza nyumbani kuna nani mchana, kuna watoto wadogo wangapi, ghorofa yetu ina dirisha lenye nondo au la. Nikaanza kuudhika moyoni: shekhe mzima nahojiwa kwa ajili ya paka. Kisha akauliza, "Na mnaposafiri, shekhe, nani hubaki naye?"

Binti yangu akanitazama. Nikanyamaza kitambo, halafu nikamweleza mama yule habari za Kaniki, tangu mwanzo hadi mwisho. Ilikuwa mara ya kwanza kulisema jambo hili mbele ya mtu wa nje. Akanisikiliza, akasema, "Nitakupa. Anayejua uzito wake ni bora kuliko asiyejua." Tukarudi na paka dume wa rangi ya kahawia, sikio moja nusu, tumemtia ndani ya tenga. Watoto wa mwanangu wamemwita Halua.

Tulitoa pesa kidogo za chanjo, na hapa kuna faida ya kifiqhi. Imepokewa katika Sahihi Muslim, kutoka kwa Jabir (R.A.), makatazo ya kula thamani ya paka. Wanavyuoni wa Kishafi, akiwemo Imam Nawawi, wamejuzisha kumuuza paka wa nyumbani mwenye manufaa, wakasema makatazo yale ni ya kuchukiza au yanahusu paka wa mwituni. Lakini anayemchukua paka aliyetupwa, akalipia chanjo na matibabu tu, ametoka kabisa katika khitilafu hiyo na ameongeza sadaka. Na thawabu hizi hazina mipaka ya paka: mnakijua kisa cha mtu aliyeteremka kisimani akamtekea maji mbwa mwenye kiu, akasamehewa dhambi zake. Ama kufuga mbwa, kwa madhehebu yetu huwa kwa ulinzi, mifugo au uwindaji. Lakini kumhurumia ni juu ya kila mmoja wetu.

Sasa, akina mama, nitawatajia niliyojifunza kwa mama yule na kwa daktari wa mifugo, maana Idi ni siku ya furaha kwetu na ni siku ya hatari kwa mnyama.

Kwanza, msimnunulie mtoto paka kuwa mkono wa Idi. Mkono wa Idi huisha jioni. Paka huishi miaka 15 na zaidi. Mchukueni wakati nyumba imetulia, na siku za mwanzo mkae naye chumba kimoja ajue harufu zenu.

Pili, sahani za Idi. Mifupa iliyopikwa hupasuka vipande vyenye ncha, ikamchoma koo na matumbo. Vitunguu maji na vitunguu saumu, ambavyo hakuna biriani bila hivyo, huiharibu damu ya paka na mbwa. Chokoleti ni sumu kwao. Maziwa ya ng'ombe huwaharisha paka wengi wakubwa. Na panadol, hata kidonge kimoja, huweza kumuua paka. Tusimpe dawa ya binadamu kwa kumwonea huruma. Mpeni kipande cha samaki au nyama isiyotiwa viungo, na maji safi.

Tatu, wale wanaoshona kofia kwa mkono wasiache sindano na uzi juu ya mkeka. Paka huuchezea uzi kisha akaumeza, nao ukayakunja matumbo yake. Na chetezo chenye makaa kiwekwe mahali pa juu. Mkia mmoja watosha kukipindua zuliani.

Nne, usiku wa fataki na mchana wa wageni, mlango ukifunguka kila mara, paka hukimbia asijue arudi wapi. Mtieni chumba cha ndani kilicho kimya, chenye maji, chakula na sanduku la mchanga, na mtu amwangalie mara kwa mara. Hilo si lile la hadithi. Hapo mlango unafungwa kwa kumlinda. Mfungeni shingoni ukanda wenye nambari ya simu. Mama mjamzito asisafishe mchanga ule, awaachie wengine. Na chanjo ya kichaa cha mbwa isisahauliwe, maana paka naye huupata ugonjwa huo. Mtoto akiumwa au kuparuzwa na mnyama asiyejulikana, kidonda kioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali bila kuchelewa.

Tano, na ndiyo niliyoandikia makala haya: ukisafiri, ufunguo usiondoke nao wote. Acha mmoja kwa mtu unayemwamini, mwonyeshe chakula kilipo, na mwambie siku ya kurudi ikibadilika utampigia simu. Bakuli la maji haliwi mlezi.

Idi hii tunakwenda Lamu tena, Insha Allah. Mama yangu amekwisha tangulia mbele ya haki, lakini dada zangu wapo. Ufunguo wa pili nimempelekea jirani, yule yule aliyesikia kilio miaka 18 iliyopita. Aliupokea, akaniambia, "Safari hii nitamsikia, shekhe." Nami katika darsa ya Jumamosi iliyopita niliisomesha hadithi ya Ibn Umar yote, neno kwa neno, sikuipita. Mtoto mmoja akauliza kama mwenye kutubia kosa hilo husamehewa. Nikamwambia Mola wetu ni mwingi wa kusamehe, lakini toba ina masharti, na moja katika hayo ni kutolirudia kosa.

Ewe Mola, tusamehe tuliyoyadharau na tusaidie kuzitunza amana zetu. Idi njema kwenu nyote, na kwa wote wanaowategemea nyumbani mwenu.

Wassalaamu alaikum warahmatullahi wabarakatuh.