Tone Jekundu Chini ya Hiace

Katika gereji za Gerezani nilikoanzia kazi, fundi alilipwa kwa kufungua. Akishusha injini analipwa, akibadilisha klachi analipwa. Akilala chini ya gari saa nzima na tochi mdomoni akitafuta mafuta yanatokea wapi, halipwi kitu. Nimekuwa kwenye ufundi wa magari tangu nikiwa kijana wa kupokeza spana, na sijaona jambo linaloniuma kama hilo, maana limefanya giaboksi nyingi nzima zitupwe.

Magari tuliyoyazoea mwanzoni yalikuwa ya manuali. Baadaye yale yaliyotumika Japani yakaanza kushuka bandarini kwa wingi, na mengi yalikuwa otomatiki: Mark II, Noah, Hiace zile za Super Custom za dizeli. Mafundi waliojua klachi vizuri kabisa wakajikuta wanaogopa boksi ambalo ndani yake hawajawahi kupaona. Mtu akiogopa kitu hasemi anaogopa. Anasema kimekufa, kitolewe, kiwekwe kingine.

Mzee aliyenifundisha kazi hakuwa na woga huo. Alituambia otomatiki inauawa na joto, au na upungufu wa mafuta, na kwamba mara nyingi yote mawili huingilia mlango mmoja, rejeta. Ndani ya tanki la rejeta, kwenye Toyota nyingi, kuna kipozeo kidogo kinachozamishwa katika maji. Haidroliki, yaani mafuta ya giaboksi, inatoka kwenye giaboksi ikiwa moto, inapita kwenye paipu ya chuma hadi mbele ya gari, inaingia kwenye kipande kifupi cha hozi, inapita katika kile kipozeo, kisha inarudi kwa paipu ya pili. Gari likitembea kawaida, haidroliki hukaa kwenye nyuzi 70 hadi 80 hivi. Likibeba mzigo mlimani inapanda zaidi, na joto likizidi sana mafuta yanageuka kahawia, yananuka kuungua, na sahani za klachi za ndani zinaanza kuteleza.

Ndiyo maana nalikumbuka gari la mama mmoja wa Tabata. Alikuwa na Super Custom ya kubebea wanafunzi, na gari hilo ndilo lililokuwa likimsomeshea wanawe. Alikuja mwenyewe pamoja na dereva wake.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nimeambiwa giaboksi imekwisha, nitafute nyingine. Na wewe ukisema hivyo hivyo, gari naliuza."

Nilimwomba aniachie gari mpaka jioni. Fundi aliyemtangulia kuliona alikuta mafuta mekundu yamelowanisha sehemu ya mbele ya giaboksi, pale inapoungana na injini, akatoa hukumu kwamba sili ya mbele imekatika. Kama ni kweli, giaboksi lazima ishuke. Na ikishashuka, mwenye gari anashawishika kirahisi kununua nyingine.

Kwanza nilitaka kujua lile tone ni kitu gani. Chini ya Toyota vitu vyekundu vinavyoweza kudondoka ni vitatu: haidroliki ya giaboksi, mafuta ya usukani, ambayo katika magari mengi ya umri ule ni haidroliki ya aina hiyo hiyo, na kulanti, maana kulanti ya Toyota ya miaka mingi ilikuwa nyekundu pia. Nilidondosha tone kwenye glasi ya maji. Kulanti ingeyeyuka na kupotea. Lile tone lilielea juu likatanda, kwa hiyo ni mafuta. (Vijana wengine huonja. Naomba waache, kulanti ni sumu.) Chupa ya mafuta ya usukani ilikuwa imejaa mpaka kwenye alama, na kijiti cha kupimia cha giaboksi kilionyesha upungufu. Basi yanayopotea ni ya giaboksi.

Sasa yanatokea wapi? Katika Hiace injini iko chini ya viti vya mbele na rejeta iko mbele yake. Kinachovuja kwenye rejeta husukumwa nyuma na feni na upepo wa njia, kikakusanyika kwenye injini, kikadondokea mbali kabisa na kilikotoka. Mahali palipolowa zaidi si lazima pawe ndipo panapovuja. Niliosha kote kwa dizeli na sabuni, kuanzia rejeta hadi giaboksi, nikapuliza kwa upepo wa kompresa mpaka pakakauka, kisha nikanyunyizia poda ya watoto kwenye viungo vyote vya paipu. Sijapata kifaa cha bei rahisi kinachoshinda poda hiyo.

Nikawasha. Injini ikiwa baridi, poda ilibaki nyeupe kila mahali. Hapo wengi huzima wakasema tatizo haliko huku. Nilimwambia dereva akanyage breki, apitishe gia zote taratibu, kisha aiache injini ingurume mpaka ipate moto. Haidroliki ikipata joto inakuwa nyepesi, nayo mpira uliochoka unalegea. Haukupita muda, mstari mwekundu ukachora kwenye poda chini ya rejeta, pale hozi ya chini inapovaa chuchu ya kipozeo. Sehemu ya mbele ya giaboksi ilibaki kavu kabisa.

Lilibaki swali moja zito zaidi. Kipozeo kikitoboka kwa ndani, maji ya rejeta na haidroliki huchanganyika, na kwenye kijiti unakuta kitu cha rangi ya waridi, kizito, kama maziwa yaliyotiwa sharubati. Maji hayo hubandua gundi ya sahani za klachi, na hapo kweli giaboksi iko hatarini. Nilisubiri injini ipoe, nikafungua kifuniko cha rejeta, nikachungulia. Maji safi, hakuna mafuta yanayoelea. Kijiti nacho kilitoa haidroliki nyekundu isiyo na povu. Kipozeo kilikuwa kizima.

Kilichoharibika kilikuwa hozi. Mtu alikuwa amefunga kipande cha mpira wa maji ya hita. Mpira wa aina hiyo haukutengenezwa kukaa na mafuta. Unayanyonya, unavimba, unalainika. Halafu alipoona unavuja aliikaza klempu mpaka ikaukata. Niliweka hozi mpya mbili za kustahimili mafuta ya moto, nikasafisha chuchu kwa msasa laini sana, nikafunga klempu zenye upana unaofaa. Kwenye magari ambayo paipu imefungwa kwa nati kwenye rejeta, ninawasisitizia wanafunzi wangu watumie spana mbili, moja ishike nati ya rejeta na nyingine izungushe ya paipu. Ukitumia moja unakisokota kipozeo kwa ndani, na uvujaji wa nje unaugeuza kuwa wa ndani.

Nilijaza haidroliki ya Dexron kidogo kidogo kupitia mrija wa kijiti, nikapima gari likiwa la moto, injini inaunguruma, gia iko P, mpaka ikafika kwenye alama ya HOT bila kuivuka. Ikizidi inatoka povu, na povu halibebi presha.

Wapo wanaotibu uvujaji huu kwa kuunganisha paipu zote mbili kwa hozi moja, wakaipita rejeta kabisa. Uvujaji unakoma, mteja anafurahi. Akipanda mlima wa Kitonga na abiria, giaboksi inachemka bila pa kupoa. Huo mimi siuiti ufundi.

Mama alipokuja jioni nilimpa karatasi ya mistari miwili: vipuri, na kutafuta. Akauliza, "Hiki cha kutafuta ni kipi?" Nikampeleka chini ya gari, nikamwonyesha ile hozi ya zamani na alama ya poda. Akalipa yote, na mstari wa pili ulikuwa mkubwa kuliko wa kwanza. Giaboksi yake haikufunguliwa.

Wewe mwenye gari, ukiona tone jekundu asubuhi, pima haidroliki kabla ya kuondoka. Ukiambiwa giaboksi imekufa, omba uonyeshwe kwa macho yako mafuta yanakotokea, gari likiwa limeoshwa na limepata moto. Na fundi akikuonyesha, mlipe kwa muda aliotumia kutafuta, hata kama alichobadilisha ni hozi tu.