Kitanda ambacho watu walisifu tu

Ndugu musomaji, mutu akisifu kazi yako, usifurahi upesi. Mimi seremala wa Likasi ninajua sababu.

Mwaka 2017 nilitengeneza kitanda kipya: usiku kinalala, muchana kinasimama, kimefungwa ukutani. Nilifikiri, «Nyumba zetu ni ndogo, watu watakigombania.» Nikatengeneza vitatu, kwa franka ambazo bibi yangu aliweka kwa masomo ya watoto. Majirani wakaja, wakashangaa, wakasifu, wakaenda zao. Hakuna aliyenunua.

Jioni moja mama mumoja muzee akaniambia: «Mwanangu, masanduku yetu na mufuko wa unga tutaweka wapi? Chini ya kitanda ndiyo depo yetu. Tena nyumba si yetu. Mwenye lupango atakubali tutoboe ukuta wake?» Nikanyamaza.

Hata wakubwa wanakosa. Kampuni ya Uswidi, IKEA, ilifungua duka lake la kwanza Marekani mwaka 1985. Vitanda vyake vilipimwa kwa sentimita. Shuka za Wamarekani hazikuvienea. Ikabidi ibadilishe vipimo.

Mimi nilivunja vitanda vyangu, nikatengeneza vingine vya miguu mirefu, masanduku yaingie chini. Hivyo vikanunuliwa. Lakini mwaka ule mutoto wetu mumoja alikuwa amekwisha kurudishwa kutoka masomoni.

Ninyi vijana munaojifunza useremala, mbele ya kukata ubao, ingieni nyumbani mwa mutu, mumuulize: unalala namna gani, na vitu vyako unaweka wapi? Kuuliza hakuna bei. Mbao zina bei.