Nasaha Niliyokwenda Nayo Norwei

Ndugu yangu msomaji, nataka nikuhadithie khabari ya safari niliyoifanya miaka michache iliyopita, mwezi wa Agosti, nikiwa na nasaha niliyoitayarisha barabara, nikarudi nayo nusu.

Nina dada yangu Mombasa, mkubwa kwangu kwa miaka mitatu. Mwanawe anafanya kazi Bergen, nchi ya Norwei, na mwaka ule ulikuwa wa nne hajatia mguu nyumbani. Pesa alikuwa akituma, haki yake tumpe, hazikosi kila mwisho wa mwezi. Lakini likizo zake zote zikiishia katika mashindano. Mwaka mmoja alikwenda Ufaransa, kwenye mlima wa Alpe d'Huez wenye kona 21. Mwaka mwingine Austria, ziwani Zell am See. Huko watu huogelea, wakitoka majini hupanda baiskeli, wakishuka hukimbia kwa miguu, yote kwa mfululizo bila ya kupumzika. Huiita triathloni. Dada yangu alipopata khabari kuwa nakwenda Uingereza kumzuru binti yangu, alinishika mkono akaniambia, "Pitia kwake. Mwambie pesa zafika, yeye hafiki." Akanipa kopo la visheti alivyokaanga mwenyewe, na magoti yake yale ambayo hayamsimamishi jikoni robo saa.

Usidhani, msomaji, kuwa mimi ni katika wale wanaoona kila mchezo ni upuuzi. Mtume wetu (S.A.W.) alishindana mbio na Bibi Aisha, na sisi wenyewe utotoni tulikuwa tukiruka majini Bandari ya Kale mpaka macho yakawa mekundu. Mwili ni amana, na kuutia nguvu ni katika kuichunga amana. Nililokwenda kulisema lilikuwa jengine: haki ya mama.

Nilipofika nilimkuta katika siku za mwisho za matayarisho. Mashindano yenyewe huitwa Norseman, yalianza mwaka 2003, na asili ya masafa yake ni Hawaii, ambako Februari 1978 watu 15 walianza na 12 wakamaliza: kuogelea kilomita 3.8, baiskeli kilomita 180, na mbio za kilomita 42. Wanorwei wao wameyatia baridi na milima. Hayana zawadi ya fedha. Mwenye kumaliza hupewa fulana, basi. Ila wale 160 wa kwanza kufika kilomita ya 32 na nusu ya mbio ndio huruhusiwa kupanda mlima wa Gaustatoppen, wakamalizia kwenye urefu wa mita 1,850, na fulana yao huwa nyeusi. Waliobaki humalizia chini, na yao ni nyeupe. Kijana wangu alikuwa amejiapiza kuwa atavaa nyeusi. Kuingia tu ni kwa kura, na yeye alikuwa ameingoja kura hiyo miaka.

Tena kila mshindani lazima aje na watu wake na gari, wamlishe na wamvishe njiani. Watu wake walikuwa mkewe, aliyeendesha gari, na mimi mjomba wake, mwenye kofia na koti la kuazima.

Tuliswali alfajiri pamoja katika nyumba tuliyokodi Eidfjord, kisha akenda kupanda feri. Saa kumi na moja za asubuhi waliruka mmoja mmoja kutoka kwenye mlango wa feri, urefu wa mita nne hivi, wakaangukia katika maji baridi ya ule mkono wa bahari uliobanwa na majabali. Mimi niliyekulia baharini nilizisoma dua zote nizijuazo.

Alipotoka majini midomo imegeuka rangi, alipanda baiskeli akaanza kuukwea mlima kwa barabara ya zamani, kupita karibu na maporomoko ya Vøringsfossen, mpaka Dyranut, mita 1,250 juu ya bahari aliyotoka kuogelea. Huko ni uwanda mtupu wa mawe na ukungu, hauna mti. Tulimpa chai, tende, na glavu kavu. Mkewe alikuwa na karatasi aliyoandikiwa na mumewe: saa fulani ndizi, saa fulani chumvi, saa fulani soksi. Niliisoma karatasi ile mara mbili. Hakuna dogo wala kubwa alilolisahau. Hapo ndipo uchungu uliponipanda, kwani mtu mwenye akili ya kupanga hivi hawezi kuniambia kuwa kwa miaka minne nafasi ya kwenda kwao haikupatikana. Nikaiongeza hoja hiyo katika nasaha yangu.

Mbio za miguu huanza kando ya ziwa Tinnsjå na kufika mji wa Rjukan. Mji huu, kwa kuwa umo bondeni kabisa, nusu ya mwaka jua haliuoni. Mwaka 2013 wenyewe walitundika vioo vikubwa juu ya mlima ili viwarushie mwanga uwanjani. Nilimwonyesha mkewe, tukacheka kidogo. Kisha kilima kikaanza, na hatukucheka tena. Tulimpita kwa gari akitembea, ameshika kiuno.

Pale penye kilomita ya 32 na nusu alifika wa 171. Msimamizi alimwonyesha kwa mkono njia ya chini. Kijana alikaa juu ya jiwe akajifunika uso.

Nasaha yangu nilikuwa nayo mdomoni. Lakini nimefundisha madrasa miaka arubaini, najua kuwa mtoto anayelia hafundishiki. Nikafungua lile kopo. Alitwaa kisheti, akatafuna, akaniuliza, "Kakaanga nani?" Nikamwambia, "Mamako. Mwenyewe." Hakusema kitu. Alikula vitatu, akainuka, akenda kuzimaliza kilomita zake zilizobaki kwa fulana nyeupe.

Usiku ule nilisema niliyotumwa. Hakunikatiza. Nilipomaliza aliniambia kwa sauti ya chini, "Mjomba, nisamehe. Nikitua Mombasa, kabla sijavua viatu kila mtu ana haja yake. Huyu ada, huyu hospitali, huyu kiwanja. Nikimwambia mtu sina, haniamini. Kule majini hakuna anayeniomba kitu."

Nilitaka kujibu, nikakumbuka kuwa barua ya mwisho niliyomwandikia mimi mwenyewe ilikuwa ya mabati ya madrasa. Na ya kabla yake pia. Salamu zilikuwa mstari mmoja, mabati ukurasa mzima. Wallahi, niliona haya. Nikamwambia, "Basi njoo, na mimi nitasimama mlangoni." Ile hoja yangu ya karatasi sikuitoa.

Alikuja Januari iliyofuata, siku kumi na tisa. Niliwaita jamaa kabla hajafika nikawaambia kuwa mwenye haja aje kwangu. Wawili walininunia, na mmoja mpaka leo hanipi salamu ila kwa shingo upande. Mabati yalingoja.

Kila asubuhi alikwenda kuogelea Nyali, kwani kura ya mwaka mwengine alikuwa ameshaiomba, na sikumkataza. Siku ya tatu dada yangu alitaka kwenda naye. Tulimwekea kiti mchangani, taulo juu ya mapaja na chupa ya chai miguuni, na kila mara akinishika mkono na kuniuliza, "Kile kichwa kile, ndiye?"