Kisanduku cha Chai na Mlango wa Jirani



Ndugu msomaji, katika nyumba zetu za pwani ni vitu vichache vifanyavyo kazi kubwa kama chai. Mgeni akipiga hodi, kabla hajaulizwa haja iliyomleta, birika limekwisha injikwa motoni. Posa huzungumzwa kwa chai, waliofiwa huliwazwa kwa chai, na waliogombana hukalishwa pamoja vikombe vikiwa mbele yao. Kahawa ina heshima yake barazani, lakini chai ndiyo iliyoingia mpaka ndani, kwa wake na watoto. Basi likizuka jambo jipya katika chai tusilione dogo, maana limegusa namna tunavyoishi na watu.

Jambo lenyewe ni hili. Siku hizi ziko kampuni katika nchi za nje zinazouza chai kwa ada ya kila mwezi. Mtu hulipa, kisha kila mwezi huletewa nyumbani kisanduku kilichopambwa, ndani yake mna chai, vitafunio vya kwenda nayo, na chombo kimoja au viwili. Kila mwezi una mada yake, na mara nyingi mnunuzi haambiwi kilichomo mpaka akifungue. Huenda kesho mwanao aliyeko ng'ambo akakulipia na wewe. Kwa hiyo nimeona nikueleze niliyoyaona.

Mimi ni mtu wa Pangani, lakini kazi ya kusomesha ilinileta bara, na kwa miaka mingi nimekuwa mkazi wa Kiomboi, makao makuu ya wilaya ya Iramba katika mkoa wa Singida. Huku ni nchi ya alizeti, mtama, karanga na asali, nasi twakaa na ndugu zetu Wanyiramba wa kila dini kwa wema. Chai yetu ni ile ile ya kwenu: majani meusi ya pakiti na sukari, na siku ya neema tangawizi na maziwa.

Binti yangu anakaa Maskati na mumewe. Mwaka jana alinipigia simu akasema, "Shikamoo Baba. Nimekulipia chai ya miezi mitatu. Kila mwezi itakuja ya aina nyingine na vyombo vyake." Nikaitikia marahaba na kumwombea dua, kwani zawadi ya mtoto haikataliwi. Kisanduku kilikwenda kwanza kwake. Yeye akampa msafiri mpaka Dar es Salaam. Kutoka huko kikapakiwa basi la Mwanza, kikashushwa Misigiri, njia panda ya kuja kwetu, na kijana wa bodaboda akakifikisha mlangoni.

Cha kwanza kilikuwa cha jangwani: chai ya kijani yenye nanaa, tende chache zilizovikwa chokoleti, na bilauri ndogo yenye nakshi. Cha pili kilikuwa cha Kijapani: unga laini wa chai ya kijani, kichapio cha mianzi cha kuuvurugia, na bakuli la udongo. Mama mmoja aliyekuja kumtazama mke wangu aliuona ule unga akauliza kwa nini tumeagiza mlenda kutoka mbali hivyo, na huku mlenda wa kukausha na kutwanga umejaa kila nyumba! Tulicheka sana. Cha tatu kilikuwa cha visiwa vya viungo, juu yake pamechorwa mlango wa Unguja. Ndani mna karafuu, iliki, mdalasini, mchaichai, na maua mekundu yaliyokaushwa. Mwanafunzi wangu mmoja akayanusa akasema, "Maalim, hii si choya?" Kweli ilikuwa choya, ile ile iuzwayo kwa kopo katika masoko ya Dodoma na Singida. Na mchaichai umeota nyuma ya nyumba yangu, kando ya mtungi wa kutawadhia.

Sikusudii kukidharau kisanduku. Chai ilikuwa nzuri na imefungwa kwa usafi, na wanafunzi walipata elimu. Wengi wao hawakujua kwamba chai nyeusi na ya kijani hutoka katika mti mmoja. Jani likichumwa, likaachwa linyauke, likasokotwa, kisha likaachwa hewani libadilike rangi kabla ya kukaushwa, huwa jeusi. Likitiwa moto mapema ili lisibadilike, hubaki kijani. Niliwaeleza pia kwamba mti huo umo katika nchi yetu, Mufindi, Njombe, Rungwe na milima ya Usambara, na kwamba mchumaji huchuma kwa mkono majani mawili na chipukizi lake. Anayejua kazi iliyomo katika kikombe hakimwagi ovyo.

Lakini, ndugu msomaji, mwalimu wa dini akiona sanduku lililofungwa linauzwa, hana budi kujiuliza hukumu yake. Mtume wetu (S.A.W.) amekataza biashara ya gharar, yaani biashara ya kubahatisha, ambayo mnunuzi hajui anapata nini. Wanavyuoni wakapiga mifano ya samaki aliye bado majini na ndege aliye angani. Katika Minhaji ya Imamu Nawawi, kitabu ambacho wengi wetu wa pwani tumekipitia, kauli yenye nguvu ni kwamba haisihi kuuza kitu ambacho hakijaonekana. Mahanafi wamekubali, kwa sharti kwamba mnunuzi akikiona ana hiari ya kukirudisha. Kisha iko bei ya salam, ambayo mtu hutanguliza thamani na kitu kikaja baadaye. Mtume alipofika Madina aliwakuta watu wakilipia tende kabla ya msimu wake, akawaamrisha kwamba kipimo kijulikane, uzito ujulikane na muda ujulikane.

Basi pima mwenyewe. Muuzaji akisema, "Nitakuletea chai ya aina hii, gramu kadha, siku kadha," biashara hiyo inakaribia salam. Akisema, "Lipa, utajua ukifungua," shaka imeingia, na mwenye kujiepusha na shaka ameilinda dini yake. Usidhani sharia inatutia uzito usio na maana. Watazame wafanyabiashara wakubwa wa chai wenyewe. Katika mnada wa Mombasa, uliohamishiwa huko kutoka Nairobi mwaka 1969, na katika ule wa Dar es Salaam ulioanza mwaka 2023, chai huuzwa kwa sampuli. Waonjaji huitengeneza katika vikombe vilivyopangwa safu, wakafyonza kijiko kimoja, wakatema, wakaenda cha pili. Wanunuao kwa tani hawanunui wasichokijua. Itakuwaje mnyonge anunue gramu hamsini amefumba macho?

Jambo la pili ni malipo yasiyokoma. Ile miezi mitatu ilipokwisha, fedha ya mwezi wa nne ikakatwa katika hesabu ya binti yangu, wala hakuagiza tena. Kampuni ikamjibu kwamba kwa masharti yao, asiyesema acha amesema endelea. Sasa iko kaida ya mafakihi, inayonasibishwa na Imamu Shafii mwenyewe, kwamba aliyenyamaza hahesabiwi kuwa amesema. Mali ya mtu huhalalika kwa radhi yake, na radhi haipatikani kwa kumvizia amesahau. Lakini haki isemwe pande zote mbili: mtu akisoma sharti, akalikubali kwa hiari yake, limemfunga. Kwa hiyo wasomeni vijana wenu masharti mpaka mstari wa mwisho, hata yakiandikwa kwa herufi za ukubwa wa chawa. Binti yangu aliwaandikia mara tatu ndipo wakakoma, na fedha ya mwezi ule haikurudi.

Jambo la tatu ndilo lililonigusa zaidi. Chai yote ile ilipimwa kwa mtu mmoja: bilauri moja, bakuli moja, kijiko kimoja. Na ndani ya kisanduku cha tatu mlikuwa na kadi nzuri iliyosema kwamba huu ni wakati wako peke yako. Zima simu, funga mlango, unywe. Nikaisoma mara mbili. Sina ubishi kwamba mtu mchovu anastahili kupumzika, na kukaa faragha na Mola wako ni ibada. Lakini kwetu sisi chai ndiyo ifunguayo mlango, na kadi hii yaufunga. Mtume (S.A.W.) alimwusia Abu Dhar kwamba akipika mchuzi azidishe maji yake, awakumbuke majirani. Birika la nyumbani nalo huzidishwa maji mgeni akitokea. Ile bilauri moja haikubali kuzidishwa.

Wiki ile ile mke wangu alirudi kutoka kwa jirani yetu, bibi mzee mjane, asiye wa dini yetu, ambaye kwa muda alikuwa hakaribishi watu. Ukipiga hodi, alikuitikia kwa ndani akasema yumo usingizini au anaumwa kichwa. Watu walidhani ni uzee. Siku hiyo alimfungulia mke wangu akamwambia ukweli wake: "Mama, sina sukari wala majani. Mtu akiingia nitamwekea nini mbele yake? Afadhali nifunge."

Fikiri, ndugu msomaji. Bibi huyu hakuwa amelala njaa. Mahindi na mboga alikuwa nazo. Kilichomfungia ndani ni kukosa kile kidogo ambacho kwacho mtu huwa mwenye nyumba mbele ya wageni wake. Umaskini wa namna hii hauonekani, kwa kuwa mwenyewe huuficha kwa heshima yake. Na haki ya jirani haiulizi dini. Abdallah bin Amru alipochinjiwa mbuzi nyumbani kwake, aliuliza kwanza kama jirani yake Myahudi amekwisha pelekewa, kwa sababu ya wasia aliousikia kwa Mtume juu ya jirani.

Nikampigia binti yangu. Aliposikia naisema chai, akauliza kwa sauti ya kuvunjika moyo, "Baba, kwani hukuipenda zawadi yangu?"

Nikamjibu, "Nimeipenda, mwanangu, nami nataka iendelee. Ila nataka ibadili mlango."

Tukapiga hesabu pamoja. Kisanduku kimoja kilimgharimu riali 10 za Omani, ambazo ni zaidi ya shilingi 60,000 za kwetu. Kwa bei za hapa Kiomboi wakati ule, kilo mbili za sukari zilikuwa shilingi 6,000, pakiti ya majani ya chai 2,000, na karanga za kutosha wageni wa mwezi 4,000. Jumla ni shilingi 12,000. Basi kisanduku cha mtu mmoja ni chai ya nyumba tano. Akakubali, na mumewe akaridhia. Kila Ijumaa ya kwanza ya mwezi wanafunzi wangu wawili hupeleka vifurushi vitano, na wameagizwa wasimtajie mtu nyumba hizo. Wakifika husema, "Hii ni chai ya mgeni wako." Hawasemi ni sadaka, kwa sababu maneno yanaweza kumvunjia mtu heshima kuliko njaa. Bibi yule alipokea, na Jumapili yake akatuma mjukuu aje kutuita. Tukaenda, tukanywa chai kwake na karanga. Tangu hapo mlango wake u wazi.

Hapa ndipo ninapokiri kwamba wauzaji wale wamejua siri moja ambayo sisi tunaifahamu katika vitabu na kuiacha katika matendo, nayo ni kudumu. Bibi Aisha (R.A.) amepokea kutoka kwa Mtume kwamba amali anayoipenda zaidi Mwenyezi Mungu ni ile yenye kudumu, ijapokuwa ni chache. Twatoa sana Ramadhani, twatoa sana siku ya maulidi, kisha miezi inapita na jirani anaomba sukari kwa haya mpaka anaacha kuomba. Wafanyabiashara wameyapanga malipo yao yasisahaulike hata mwezi mmoja. Nasi twaweza kuupanga wema wetu hivyo hivyo.

Basi nakuusia mambo matatu. Kwanza, mwanao akitaka kukulipia kitu cha kila mwezi, muulize kilichomo, kiasi chake, na njia ya kukikomesha. Pili, kikija, kifungue mbele ya watu wa nyumbani, kila mmoja aonje, hata ikiwa ni kijiko kijiko. Tatu, hesabu nyumba zilizo jirani nawe, uziangalie ambazo milango yake imeanza kufungwa mchana. Usiulize kwa sauti; mpeleke mkeo au mama yako. Kisha tenga kidogo kisichokushinda, kila mwezi siku ile ile, na uwe unajua wazi unachopeleka.

Mola azijaalie nyumba zetu kuwa na cha kumpa mgeni, na mikono yetu isichoke. Amin.

Wabillahi tawfiq.