Namba ya Chombo na Unene wa Ngozi

Wahenga wetu hawakumpenda sana mtu mwenye kuchagua-chagua. Walinena kwamba mchagua jembe si mkulima, na wakaongeza kwamba mchagua nazi hupata koroma. Methali hizi tunazifundisha kila mwaka, na wanafunzi huzipokea bila ubishi. Hata hivyo, kila fundi hodari tuliyepata kumwona kazini, awe seremala, mshonaji au mtengeneza viatu, alikuwa mchaguzi mkubwa wa zana zake. Je, methali zimekosea? La hasha. Aliyelaumiwa na wahenga ni yule anayechagua ili aiahirishe kazi. Anayechagua kwa sababu ameitazama kazi na kujua inataka nini, huyo hakulaumiwa na mtu. Katika makala haya tunakusudia kueleza uchaguzi wa namna hii ya pili, kwa mfano wa chombo kidogo sana cha kazi ya ngozi.

Sisi tunafundisha Kiswahili nchini Uganda, upande wa magharibi, kwenye nchi ya ng'ombe wenye pembe ndefu. Wasomaji wa taarifa hii wanajua kwamba lugha yetu imepita njia ndefu hapa. Mwaka 2005 katiba iliitaja kuwa lugha rasmi ya pili, na mwaka 2022 Baraza la Mawaziri likakubali ifundishwe kwa lazima katika shule za msingi na za sekondari. Lakini kabla ya hayo yote, Kiswahili kilikuwa kimekwisha kuingia kwa mlango wa nyuma, yaani mlango wa karakana. Mganda anapotaja msumari husema omusumaali, na msumeno kwake ni omusumeeno. Fundi ni fundi kwa wote. Kwa sababu hiyo, tulipopewa kazi ya kusimamia chama cha wanafunzi cha kazi za mikono, tuliweka sharti moja tu: jioni ya kazi, mazungumzo yote yawe ya Kiswahili.

Chama hicho hutengeneza mikanda, mikoba na makubadhi ya ngozi. Fedha zinazopatikana si za mchezo, kwa kuwa wapo wanafunzi wanaojazia karo kwa mauzo ya mikanda yao. Basi mwanzoni mwa muhula mmoja, mfanyabiashara aliyezoea kununua mikanda hiyo aliirudisha kumi na miwili. Mishono yake ilikuwa imara na rangi ilikuwa nzuri. Kasoro ilikuwa ukingoni. Pembe za ukingo zilikuwa kali, zikikwaruza shati na kuchoma kiuno cha mwenye kuketi, na baada ya majuma machache zilianza kuchambuka nyuzi kama kamba kuukuu.

Ngozi inapokatwa kwa kisu kilichosimama wima, ukingo wake hubaki na pembe mbili, moja upande wa uso na moja upande wa nyama. Pembe hizo ndizo zinazoguswa kwanza na kila kitu, na ndizo zinazokwisha kwanza. Ukijaribu kuusugua ukingo kwa kipande cha mti ili ung'ae, pembe ambazo hazikupunguzwa hulala nje na kufanya midomo miwili, mithili ya kichwa cha msumari uliopigwa sana. Dawa yake ni kuziondoa pembe hizo kwa mkato wa upande kabla ya kusugua. Mafundi wengi wa viatu hufanya hivyo kwa kisu au kwa kipande cha kioo, na wenye mkono uliotulia hufanikiwa. Kwa mwanafunzi, lakini, kisu huenda kikubwa hapa na kidogo pale, na mkanda wenye urefu wa mita moja humfedhehesha.

Ndiyo sababu kukatengenezwa chombo maalumu. Kina mpini wa mti na chuma chembamba ambacho ncha yake imegawanyika mara mbili mfano wa ulimi wa nyoka, na makali yake yamejificha katikati ya meno hayo mawili. Chombo hukaa juu ya pembe ya ngozi, kikalazwa kwa nyuzi 45 hivi, kisha kikasukumwa mbele. Kikiwa kikali, hutoa uzi mmoja mrefu wa ngozi, laini, wenye upana uleule toka mwanzo hadi mwisho.

Vyombo hivi huuzwa kwa namba. Aghalabu namba inavyozidi, ndivyo mkato unavyozidi upana. Fedha za chama zilitosha kununua kimoja tu. Hapo ndipo wanafunzi walipogawanyika. Baadhi walitaka namba 1 kwa sababu ni ya kwanza. Wengine walitaka namba kubwa, wakidai kwamba mkanda ni kitu kizito na chombo chake kiwe cha uzito huohuo. Mabishano yalikuwa makali, tena kwa Kiswahili safi, nasi tuliyaacha yaendelee kwa muda kwa faida ya somo.

Siku iliyofuata tuliwapeleka kwa mzee mmoja mtengeneza viatu na matandiko mjini Mbarara. Tulimwamkia, tukamweleza shida yetu, tukamwuliza ni namba gani iliyo bora. Mzee hakujibu. Alifungua sanduku lake akatoa vikata viwili vilivyotoka kwa watengenezaji tofauti, vyote vimegongwa namba 2. Akapitisha kila kimoja juu ya kipande kimoja cha ngozi. Uzi wa kwanza ulikuwa mwembamba kama mshipi wa kuvulia samaki. Wa pili ulikaribia kuwa mara mbili yake.

"Mwalimu," akasema, "namba hii aliiandika mwenye kiwanda. Hakuiona ngozi yako."

Maneno hayo yanastahili kufafanuliwa. Hakuna kipimo kimoja kinachowafunga watengenezaji wote. Namba 2 ya mmoja si namba 2 ya mwingine, na wapo wanaoacha namba wakataja milimita. Kwa hiyo anayenunua kwa namba pekee ananunua jina. Kipimo cha kweli kimo katika ngozi yenyewe, nao ni unene wake. Katika orodha za bei za Waingereza na Wamarekani unene huu hutajwa kwa aunsi, yaani uzito wa futi moja ya mraba ya ngozi. Kila aunsi ni sawa na milimita 0.4 hivi, na kwa hesabu hiyo ngozi ya aunsi 8, inayopendwa kwa mikanda, ina unene wa milimita 3.2.

Tuliporudi shuleni tuligeuza jambo hili kuwa hesabu. Mkato ukilala nyuzi 45 na uso wake ukawa na upana wa milimita 1, unene wa ukingo hupungua kwa milimita 0.7. Lakini pembe ni mbili, hivyo jumla ya kinachoondoka ni milimita 1.4. Kwa ngozi ya milimita 3.2 inabaki bapa ya milimita 1.8 katikati ya ukingo, nayo yatosha kabisa. Kwa ngozi ya milimita 2 inabaki 0.6, na ukingo huanza kukonda. Kwa ngozi ya milimita 1.4 haibaki kitu, mikato miwili hukutana, na badala ya ukingo wa mviringo unapata ncha kali kama ile uliyotaka kuiondoa.

Tukajiwekea kanuni nyepesi: kila mkato uondoe robo ya unene, na usizidi theluthi. Kwa ngozi ya milimita 2, uso wa mkato uwe baina ya milimita 0.7 na 0.9. Kwa milimita 3.2, uwe baina ya 1.1 na 1.5. Kwa milimita 4, baina ya 1.4 na 1.9. Kitu kilichounganishwa kwa gundi na kushonwa tabaka mbili hupimwa unene wa tabaka zote pamoja, wala si wa tabaka moja. Mshono nao una haki yake. Ikiwa nyuzi zimepita karibu mno na ukingo, mkato mpana utazifikia na kuzidhoofisha. Na ngozi nyembamba, ya milimita moja hivi, kama ile ya pochi, ni heri isikatwe kwa chombo hiki. Ikunjwe ukingo, au iguswe kwa msasa laini.

Aina ya ngozi pia ina neno lake. Ngozi iliyodabighiwa kwa magome ya miti, kama vile muwati, ina mwili mgumu, hukatika safi na kukubali kusuguliwa ikang'aa. Ngozi iliyotengenezwa kwa chumvi za kromiamu ni laini na hunyumbuka. Mbele ya chombo hujikusanya kama kitambaa, na ukingo wake haung'ai kwa kusuguliwa, hata ukiusugua mchana kutwa. Upande wa nyama wa ngozi yoyote una nyuzi zilizolegea, kwa hiyo chombo kisukumwe polepole huku ngozi ikibanwa imara juu ya meza.

Hapana budi tutaje pia makali, maana watu wengi hulaumu ukubwa pale ambapo kosa ni la ubutu. Chombo butu hurukaruka na kuacha vijimawimbi ukingoni, na mtumiaji akadhani kwamba amenunua namba isiyofaa. Kwa kuwa makali yamo ndani ya mfereji mdogo, kinoo cha kawaida hakiyafikii. Twafunga kamba nyembamba iliyopakwa dawa ya kung'arishia chuma, tukaivuta ndani ya mfereji huo mara kadhaa, kisha tukasugua upande wa chini wa chuma juu ya kipande cha ngozi ngumu. Ndipo ukubwa unapoweza kuhukumiwa kwa haki.

Basi ilibaki kuamua. Mikanda ya chama ilikuwa ya milimita 3.2, na mikoba ilikuwa ya milimita 2. Msichana mmoja wa kidato cha pili, ambaye mikanda minne kati ya ile iliyorudishwa ilikuwa yake, ndiye aliyelifungua fundo. Alisema kwamba mkato wa milimita 1.2 unaifaa mikanda lakini utaiharibu mikoba, ilhali mkato wa milimita 0.9 unaifaa mikoba, na katika mikanda utaacha kazi kidogo tu ya kumaliziwa kwa msasa. "Kilichobaki tunaweza kukipunguza," akasema, "kilichoondoka hatuwezi kukirudisha." Hakuna aliyempinga. Kilinunuliwa kikata cha milimita 0.9, baada ya kukijaribu dukani juu ya vipande vya ngozi yetu wenyewe. Mikanda ile kumi na miwili ikarekebishwa ukingo na kupelekwa tena, nayo ikachukuliwa yote.

Sasa turejee kwenye lugha, kwa kuwa ndiyo iliyotukutanisha katika kurasa hizi. Jioni ile ya mabishano tuligundua kwamba wanafunzi hawakugawanyika kwa rai pekee. Walikuwa wakiita vitu vitatu kwa jina moja. Mmoja alisema "pembe" akimaanisha ukingo wote. Mwingine alisema "pembe" akimaanisha kona tu. Wa tatu alikuwa na maana ya ule mkato wenyewe. Tulipoandika ubaoni maneno matatu, yaani ukingo, pembe na hanamu, nusu ya ugomvi iliisha papo hapo. Kukata hanamu ni kukata upande, kama afanyavyo seremala anapolaza randa ili aondoe ukali wa pembe ya ubao. Neno limo katika kamusi zetu, linafahamika kwa maseremala, na lilikuwa likingoja tu kuletwa kwenye meza ya ngozi. Tangu hapo chombo chetu tunakiita kikata hanamu, na hata wanafunzi wasiopenda sarufi hawajalisahau jina hilo, kwa sababu wamelishika mkononi.

Mwalimu wa Kiswahili aliye mbali na pwani mara nyingi hujiona maskini wa msamiati. Huandaa orodha za maneno, wanafunzi huzikariri, na baada ya mtihani husahauliwa. Sisi tumeona faida ya kulichukua neno hadi mahali ambapo kutolijua kuna gharama. Asiyeweza kutofautisha ukingo na pembe hataweza kumweleza mwenzake ni kiasi gani cha ngozi kiondoke, na asipoweza kueleza, mkanda utarudishwa. Hapo mwanafunzi haulizi tena neno hili litamsaidia nini.

Tungependa kujua walimu wenzetu wa Bujumbura, Bukavu, Kigali na kwingineko wanasikia maneno gani kwa mafundi ngozi wa huko, hususa majina ya zana na ya sehemu za ngozi. Bila shaka yapo mengi ambayo hayajaingia vitabuni. Tunawaomba watuletee, na pamoja na kila neno waeleze fundi alikuwa akifanya nini alipolitamka.