Nilivyojiandika kwa Nafsi ya Tatu

Sentensi ya kwanza ilikuwa hivi: fulani ni mwandishi mahiri mwenye kipaji cha kipekee kutoka nchini Tanzania, na ndiye mwanzilishi wa kikundi cha maigizo kilichotikisa Segerea. Huyo fulani ni mimi. Aliyeandika pia ni mimi, usiku, nimekaa barazani kwa sababu umeme ulikuwa umekatika na ndani hakukaliki kwa joto. Nilipobonyeza kitufe cha kuchapisha, ukurasa ukatokea palepale kwenye Wikipedia ya Kiswahili, nyumba moja na Shaaban Robert. Nikaupiga picha, nikairusha kwenye magrupu yote niliyomo: "Jamani, kumbe kuna watu wamenifungulia ukurasa huku. Hata sijui ni nani."

Sababu yenyewe ni ndogo, ndiyo maana inaniaibisha. Ukikaa Segerea unazoea utani. Ukimwambia mtu wa Mbagala kwamba unaishi Segerea, atakuuliza umetoka lini, kwa ajili ya gereza. Tuna jimbo letu la uchaguzi tangu 2010, lakini nje ya hapa jina letu bado ni la mahabusu. Mimi nilikuwa nimetoa vitabu viwili kwa fedha zangu na nikivitembeza mashuleni mwenyewe, begi mgongoni. Mwalimu wa taaluma wa shule moja akanisikiliza vizuri, akanipa soda, kisha akasema kwa heshima zote, "Kaka, tumekugugo hutokei." Nikatoka pale nimeapa kwamba nitatokea.

Toleo la Kiswahili nililichagua kwa hesabu za mwizi. La Kiingereza lina walinzi wengi. Hili letu, lililoanza mwaka 2003, linabebwa na watu wachache wanaojitolea, nami nikadhani mlango hauna komeo. Sasa, watu hao ni akina nani? Ni watu wa aina ya Ndesanjo Macha, aliyekuwa akiandika kutoka Marekani enzi ambazo wengi wetu tulikuwa tunalipia intaneti kwa nusu saa kwenye kafe. Ni wanafunzi wa vyuo vya Kenya na Tanzania walioshindanishwa na Google kati ya 2009 na 2010 waandike makala za Kiswahili. Ni wengine ambao mpaka leo wanakaa usiku wakirekebisha tahajia za watu wasiowajua, bila hata mia. Muda wao ndio nilioula. Makala za kata zetu nyingi mle ndani ni za mistari michache tu: jina, wilaya, mkoa, idadi ya watu kwa sensa. Yangu ilikuwa ndefu kuliko ya Segerea yenyewe.

Uongo wa kumkamata mtu shingoni haukuwa mwingi. Nilijipunguzia miaka mitatu ya kuzaliwa, basi. Mengine yalikuwa ya kupaka rangi. Kikundi "kilichotikisa Segerea" kilikuwa kinacheza Jumamosi jioni kwenye darasa la shule ya msingi, madawati yamesogezwa ukutani, viti tumeazima kwa watu wa maturubai kwa ahadi ya kuvirudisha kabla ya harusi ya saa mbili. Vitabu "vilivyopokelewa kwa shangwe" vilipokelewa na shangazi zangu. Nikajua kwamba kamusi elezo hii inataka vyanzo, nikaweka vitatu: ukurasa wangu wa Facebook, tangazo la uzinduzi nililolitunga mwenyewe, na blogu ya rafiki yangu aliyenakili tangazo hilohilo neno kwa neno. Vyanzo vitatu, mdomo mmoja.

Mkabidhi mmoja (ndivyo wanavyoitwa mle ndani wasimamizi) aliweka alama juu ya ukurasa kwamba huenda ukafutwa, akaniandikia kwenye majadiliano. Alikuwa mpole kuliko nilivyostahili. Aliuliza kama kuna gazeti, kitabu au utafiti wa mtu asiyenihusu ulionitaja. Kisha akauliza kama mwandishi wa ukurasa ndiye mwenye ukurasa. Nilikana. Niliandika kwamba mimi ni msomaji tu, mpenzi wa fasihi. Na ili msomaji huyo asiwe mpweke, nikafungua akaunti nyingine, ya kike, nikaandika kwamba kazi za ndugu huyu zimegusa maisha yangu na kuufuta ukurasa ni kuua vipaji vya nyumbani.

Nina ugonjwa wa kuacha nafasi kabla ya alama ya mkato. Nimeambiwa na wahariri, nimeambiwa na mke wangu, siponi. Akaunti zote mbili zilikuwa zinaacha nafasi kabla ya mkato. Mkabidhi akanakili sentensi moja ya huyu na moja ya yule, akaziweka moja chini ya nyingine, bila kuongeza maneno. Baadaye nilisoma kwamba wapo pia watumiaji waliopewa mamlaka ya kukagua kama akaunti mbili zinatoka kwenye mtandao mmoja. Kwangu hawakuhitajika, mkato ulitosha. Ukurasa ukafutwa, na kwenye kumbukumbu za ufutaji jina langu likabaki na sababu yake pembeni: kujitangaza.

Nilikasirika. Nikaanza kuwasaka wakubwa waliofanya kama mimi ili nipate utetezi, na wa kwanza kumpata alikuwa Jimmy Wales mwenyewe. Wikipedia ilianzishwa Januari 2001 na Wales pamoja na Larry Sanger. Desemba 2005 ikabainika kwamba Wales alikuwa akihariri makala inayomhusu, na miongoni mwa aliyoyagusa ni maneno yaliyomtaja Sanger kuwa mwanzilishi mwenza. Hakuna mpelelezi aliyehitajika, kwa kuwa kila badiliko hubaki kwenye historia ya ukurasa, na jina na saa yake. Wales akakiri kwamba si vizuri mtu kujihariri. Nilifurahi kama mtu aliyekutana na mtu wa kijijini kwao huko lokapu. Haikunijia hata kidogo kwamba na mimi nilikuwa nimemfuta mtu.

Wa pili alikuwa Philip Roth. Mwaka 2012 mwandishi huyo wa Marekani alitaka makala ya riwaya yake The Human Stain irekebishwe, kwa sababu ilisema mhusika mkuu ametokana na maisha ya Anatole Broyard. Roth alisema hapana, chanzo ni rafiki yake Melvin Tumin aliyefundisha Princeton. Akajibiwa kwamba neno lake peke yake halitoshi, panahitajika chanzo kingine. Nikawatumia watu habari hiyo: oneni upuuzi, mtunzi haaminiwi kuhusu utungo wake! Sikusoma mpaka mwisho. Roth aliandika barua ya wazi kwenye jarida la New Yorker, akaweka jina lake chini, na barua hiyo ikawa chanzo. Makala sasa inaeleza wahakiki walisema nini na mwenyewe alisema nini, kila neno likiwa na mwenyewe.

Hapo ndipo ninapouona ukorofi wangu vizuri. Kujiandika si dhambi katika Kiswahili. Shaaban Robert aliandika Maisha Yangu. Kabla yake Tippu Tip, aliyefariki Unguja mwaka 1905, aliyaandika maisha yake kwa Kiswahili, safari zake, vita vyake na pembe zake za ndovu, na msomaji anajua tangu mstari wa kwanza kwamba anayezungumza ni mfanyabiashara wa pembe na watumwa anayejisimulia. Unamsoma huku umeshika chumvi. Mimi niliificha sauti yangu nikaazima ya watu wote. Ile "ni mwandishi mahiri" isiyo na msemaji inamfika msomaji kana kwamba nchi nzima ilikaa kikao ikakubaliana.

Sidai kwamba kanuni ya vyanzo haiumizi watu. Mei 2018 rasimu ya makala ya mwanafizikia Donna Strickland ilikataliwa kwenye toleo la Kiingereza kwa upungufu wa vyanzo, na Oktoba mwaka huohuo akapewa Tuzo ya Nobel. Kwetu ni zaidi: manju na wapiga zumari wangapi wamekufa bila gazeti hata moja kuwaandika? Ni hoja nzito, na niliitumia kwenye majadiliano kujikinga. Lakini kama uchungu wangu ungekuwa kwa ajili yao, ningekuwa nimeandika habari za mmoja wao.

Sasa nifike kwa mwenzangu. Kile kikundi tulikianzisha wawili. Mimi nilikuwa na kalamu. Yeye alikuwa na ufunguo wa darasa, kwa sababu mama yake alikuwa mlinzi wa shule, na alikuwa na uwezo wa kuwafanya vijana waje mazoezini bila nauli. Igizo letu la kwanza nusu yake ni maneno yake. Alishona na pazia la kaniki. Nilipoandika "ndiye mwanzilishi" sikukaa chini nikaamua kumdhulumu. Hakunijia akilini, basi. Hilo linanisumbua kuliko ile miaka mitatu, maana ile miaka nilijua ninaiba. Mtu mwingine yeyote wa Segerea angeandika habari za kikundi kile, hata kwa mistari miwili, angeanza na yeye.

Binti yake alikuwa chuoni, anaandika kazi ya darasa kuhusu maigizo ya mitaani Dar es Salaam. Akaniona. Ukurasa ulikuwa umeshafutwa, lakini kuna tovuti zinazonakili Wikipedia na kuweka matangazo yao, na leseni ya mle ndani inaruhusu kunakili. Akamtumia baba yake kwa WhatsApp. Mwenzangu alinipigia jioni, akanisalimia, akauliza watoto, akauliza mvua za huko kwangu, kisha akasema, "Nasikia ulianzisha kikundi. Hongera sana, bwana. Sisi wengine tulikuwa tunafagia."

Nilimfuata kwake Kinyerezi. Mkewe alinikaribisha, "Karibu, shemeji," kwa sauti ambayo si ya karibu. Niliomba radhi, nikaeleza kwamba ukurasa haupo tena. Akanionyesha kwenye simu ya binti yake kwamba upo. Nikasema nitawaandikia wenye tovuti waufute. Nimewaandikia. Mmoja aliutoa. Mwingine hajajibu, na katika tovuti yake mimi bado ni kijana, bado mahiri, bado peke yangu.

Mwenzangu hakutaka nimwingize kwenye makala yoyote ya kamusi elezo. Alichotaka ni kwamba niliyoyatangaza hadharani niyafute hadharani, kwa jina langu, mahali wanaposoma watu. Jina lake akakataa lisichapishwe, maana ana biashara yake ya vifaa vya ujenzi na hataki wateja wamtanie. Haya basi: kikundi kilianzishwa na watu wawili, na huyo mwingine ndiye aliyekuwa na ufunguo.

Kabla ya kutuma makala hii nilimsomea yote kwa simu. Alisikiliza mpaka mwisho, akasahihisha kitu kimoja. Pazia hakushona yeye, alishona mkewe, na kaniki ilinunuliwa kwa hela ya mama yake.